Ngozi za Paka wa Mlimani

Kavira, binti yangu,

Umeenda Vulamba kumuaga koko, nyanya yako, na ninajua utachelewa, maana yule mama hamwachi mtu aondoke kabla tumbo halijauma kwa chakula. Nyumba imetulia. Jua bado liko juu ya mikaratusi ya jirani, na begi lako limefungwa, limekaa kwenye kiti cha baba yako kama mgeni. Sitakuandikia habari za kufua, wala za dawa ya malaria, wala za wanaume. Hayo shangazi zako wamekwisha kuyasema, na mengine wameyasema mpaka ukaona haya.

Ninakuandikia kwa sababu ya ile siku ya karamu yako. Ulisimama mbele ya wageni ukasema: "Nikimaliza masomo Kisangani, nitafanya ile kazi Mama aliacha. Nitachagua misitu ya kulinda." Watu wakapiga makofi. Mimi nikaweka kijiko chini, nikatoka, nikakaa nyuma ya nyumba karibu na pipa la maji mpaka wageni walipoanza kutafuta viatu vyao. Ulifikiri nimekukasirikia. Baba yako akakuambia ni uchungu wa mama anayeachwa.

Hapana, Kavira. Nilisikia kichefuchefu. Si mfano wa maneno, ni kile kichefuchefu chenyewe cha tumboni, mate yakijaa mdomoni. Na kwa kuwa sikukueleza mbele ya wageni, nakueleza leo.

Ulikuwa mdogo bado, unavaa ile sare ya bluu iliyokupwaya, wakati projet, ule mradi wa kulinda wanyama, ilipofika Butembo. Mimi nilikuwa nafundisha biolojia. Walitafuta mtu anayejua Kifaransa cha wanyama na Kinande cha watu, wakaniona. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri masikioni. Juu ya milima ya Lubero ilikuwa imebaki misitu michache, kama nywele ambazo wembe umezisahau kichwani, na ndani yake kulikuwa na paka. Si huyu wa jikoni. Ni mkubwa mara mbili yake, rangi ya kutu au ya majivu, miguu minene, macho mazito. Mtu anaweza kuzaliwa kando ya msitu, akazeeka, akazikwa, asimwone hata mara moja. Projet haikuwa na nguvu za kulinda misitu yote. Donc ilibidi kuchagua: wapi pa kwanza, wapi baadaye, wapi pa kuachia Mungu. Mahali pa kwanza walipaita zone prioritaire. Msitu ukichaguliwa, unawekewa walinzi, na watu wa pembeni wanajengewa kituo cha afya na kuezekewa shule.

Kiongozi wetu nitamwita Bwana Anselme. Hakuwa mtu wa kwetu, alitoka mbali, lakini Kiswahili chake kilikuwa safi na alikuwa na adabu. Nataka ujue hilo. Katika maisha yangu yote nimesubiri kukutana na mtu mbaya mwenye sura ya ubaya, na bado nasubiri. Bwana Anselme alikumbuka majina ya watoto wa madereva. Alipokuja hapa alikuletea biskuti. Kila jioni alisafisha viatu vyake kwa mswaki wa meno, akitoa udongo wetu mwekundu kwenye mishono, polepole, akipiga mluzi.

Nilipanda milima hiyo kwa furaha, siwezi kukudanganya. Nilikuwa nimechoka na ubao na chaki. Tulilala Alimbongo, kwenye baridi ile inayokufanya uvae nguo zako zote na za mwenzako, na asubuhi tulishika njia ya kupanda kwenye mianzi. Huko nilikaa kwa mama mmoja mjane, Masika, aliyelima viazi mahali pale ambapo shamba linaisha na msitu unaanza. Mama mkali huyo. Siku ya kwanza aliniuliza kama mikono yangu iliwahi kushika jembe au ni ya kugeuzia karatasi tu. Siku ya pili alinipa jembe.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa umelala juu ya matuta. Masika alinishika kiwiko, akanibana. Paka alikuwa ametoka kwenye mianzi. Alisimama juu ya tuta, mguu mmoja juu, manyoya yamejaa maji, akatuangalia kama tunavyowaangalia wageni wasiobisha hodi. Kisha akageuka na kurudi ndani bila haraka, na mianzi haikutikisika hata kidogo. Nilijikuta nalia. Masika aliniangalia, akacheka.

"Madame, unalia juu ya kipaka?"

"Hujui ni wangapi wanatafuta kumwona huyu."

"Sasa umemuona." Kisha uso wake ukabadilika. "Bakijua iko hapa, batafunga hapa? Shamba yangu itakuwa ndani ya kamba yabo?"

"Hapana," nikamwambia. "Siku ya kuchora mipaka nitakuwa pale. Nitawaonyesha shamba lako linaishia wapi."

"Utakuwa pale?"

"Nitakuwa pale, Masika."

Akanishukuru kwa Kinande, wasingya, akarudi kulima. Sikuona kwamba nimesema jambo kubwa. Ahadi iliyotolewa asubuhi njema, tumbo likiwa limeshiba viazi vya moto, haina uzito mdomoni.

Baadaye tulishuka kusini, upande wa Kayna, ambako barabara kubwa inapita na gari la projet lingeweza kufika karibu na msitu. Kijiji chenyewe sitakitaja. Watu walijaa kwenye uwanja wa kanisa. Mzee mmoja aliuliza swali la haki kabisa: "Mutachagua namna gani? Wenye kuwa na kituo cha afya ni akina nani?"

Bwana Anselme alijibu kwamba msitu wenye paka ndio utakaochaguliwa. Lakini hakutaka hadithi, kila kijiji kina hadithi. Alitaka preuve, ushahidi.

"Preuve ya namna gani?" mzee akauliza.

Bwana Anselme akacheka, akafungua mikono. "Kitu chochote ambacho macho yangu yanaweza kuona."

Mimi nilikuwa natafsiri. Niliyasema maneno hayo kwa Kinande vizuri, kwa sauti ya mwalimu, hata wa nyuma wasikie. Vyombo vya kupiga picha ambavyo hufungwa kwenye miti tulikuwa navyo vichache, na vingi vilikuwa vimeibwa au vimelowa. Nilifikiri watatuonyesha alama za kucha kwenye magogo. Nilifikiri watatuletea mavi.

Kitambo kidogo baada ya hapo, nilikuwa bureau, ofisini kwetu hapa Butembo, asubuhi, mlango wazi kwa sababu ya joto la mabati, nikasikia harufu kabla sijamwona mtu. Harufu hiyo siwezi kukupa kwa wino. Ni chumvi, ni moshi, na chini yake kitu kitamu kama ndizi iliyooza. Mtu aliingia na gunia mgongoni. Jina lake Kasereka. Alikuwa amepanda juu ya lori la mbao usiku kucha, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Akaweka gunia juu ya meza yangu, akalifungua, akatandaza ngozi moja, ya pili, ya tatu. Ya tatu ilikuwa ndogo kama kitambaa cha kufutia sahani. Bado ilikuwa na ule utepetepe wa mnyama anayenyonya. Nzi waliingia naye, wakatua juu ya kalamu zangu.

"Nini hii?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Mulisema preuve," akasema. Alikuwa anatabasamu, mwanangu. Alikuwa na fahari ya mtu aliyeleta mazao ya kwanza kanisani. "Njo hii preuve. Iko tatu. Kwetu paka iko mingi."

"Muliwaua?"

"Bangekuja bazima namna gani?"

Nilipiga kelele. Nilimwambia maneno ambayo ningekuchapa ukiyasema. Alinisikiliza mpaka nikachoka, na tabasamu likamtoka usoni taratibu. Kisha akasema bila kupandisha sauti:

"Madame, muke wangu alianza kujifungua saa ya mvua. Tulimubeba na kipoyo, kitanda ya miti, kufuata hôpital. Damu ilikuwa inamwagika mu njia, hata batu ba nyuma banateleza. Alikufa njiani na mutoto. Mulisema mwenye kuwa na paka atapata kituo. Mi niko na batoto basichana babili banakua. Sasa weye unalilia paka?"

Usimwamini mtu yeyote atakayekuambia ana jibu la swali hilo.

Bwana Anselme alitoka ofisini mwake kwa ajili ya kelele. Nilimgeukia nikitegemea atachukizwa, na hapo kweli alifunga pua. Mais macho yake yaliwaka. Aliita kamera. Alileta rula, akailaza kando ya kila ngozi, akapiga picha, akanyoosha ile ndogo kwa ncha ya kalamu ili ionekane urefu wake wote. Alimuuliza Kasereka wapi hasa, bonde gani, upande gani wa kijito, na kila jibu akaliingiza kwenye mashine. Alipomaliza alisema, "C'est confirmé," imethibitishwa. Alimshika Kasereka mkono. Akaenda kunawa kwa sabuni ya kunukia, akarudi, akakaa kwenye kona ya meza ileile, na akala maandazi yake ya saa nne. Alininyooshea moja.

"Bwana Anselme," nikasema, "watawaua wote. Ukiipokea hii, kesho yatakuja magunia mengine."

"Madame, inahuzunisha, naelewa. Lakini hatukuwaua sisi. Wamekwisha kufa. Tukizitupa hizi ngozi, watakuwa wamekufa bure. Donnée ni donnée, data ni data."

Angalia jinsi sentensi hiyo ilivyo safi. Hakuna mahali pa kuishika. Niliigeuza kichwani usiku kucha nikitafuta uongo wake, na kila neno peke yake lilikuwa kweli.

Magunia mengine yalikuja. Yalikuja kwa pikipiki, yalikuja chini ya kabichi. Vijiji vilianza kushindana. Wengine walileta ngozi za paka wa nyumbani zilizopakwa majivu, na Bwana Anselme akazikataa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu alikuwa mtu wa sayansi. Zile za kweli zilianikwa kwenye uzio nyuma ya bureau, na mbwa wa mtaa wakaja kukaa chini yake wakiangalia juu, kama watu walio kwenye misa. Nilinuka mimi. Baba yako alianza kulala akinigeuzia mgongo. Wewe ulikataa nikusuke nywele. Ulisema, "Mama, mikono yako." Pengine umesahau.

Kutoka Alimbongo hakikuja kitu. Masika na jirani zake hawakutaka kamba yetu, donc hawakuwa na haja ya kuua ili waipate.

Halafu ikaja siku ya kuchagua. Tulikwenda Beni, kwenye hoteli moja yenye ukumbi wa baridi ya mashine. Wakati ule, nje ya mji, watu walikuwa wanakimbia vijiji vyao na magodoro kichwani kwa kuogopa mapanga, na sisi tulikaa ndani, kadi za majina shingoni, kila mtu na chupa yake ya maji na peremende kwenye kisahani. Kulikuwa na wageni kutoka mbali, watu wapole. Ukutani kulikuwa na carte, ramani kubwa ya Lubero. Kila mahali palipopatikana paka paliwekwa nukta nyekundu. Upande wa Kayna ulikuwa mwekundu kama mtoto mwenye surua. Juu ya Alimbongo hapakuwa na kitu, weupe mtupu, maana kule paka walikuwa hai na paka hai haanikwi kwenye uzio.

Mgeni mmoja alisema kwa furaha, "Ni ajabu, namna walivyo wengi kusini."

Nilisimama. Nilisema kwa Kifaransa, ili asipatikane wa kunitafsiri vibaya: "Bwana, hizo si paka. Hizo ni maiti. Kila nukta hapo ni mnyama tuliyeagiza auawe. Mnachagua kulinda makaburi."

Nilisikia mashine ya baridi ikikohoa. Bwana Anselme akainuka, akanishukuru. Alinishukuru, Kavira! Akasema Madame ameleta suala muhimu la kimaadili na litaandikwa kwenye ripoti, na kwamba labda huu ni wakati mzuri wa kwenda kula. Watu wakacheka kidogo, wakapumua, viti vikasogea. Kwenye meza ya chakula mmoja wao aliniambia, akiwa na nyama ya mbuzi shavuni, kwamba nimesema vizuri sana, kwa moyo. Mafuta yalikuwa yanamtiririka kwenye kidevu. Nilivua ile kadi shingoni, nikaitia katikati ya sahani yake, kwenye mchuzi, nikatoka. Vijana wa hoteli walinipigia makofi. Jioni ile nilikuwa nyumbani.

Hii ndiyo hadithi unayoijua. Hii ndiyo iliyozunguka Butembo nzima. Padri aliigusa kwenye mahubiri bila kunitaja. Wanawake wa soko waliniita wakanipa nyanya. Baba yako alirudi kulala akinitazama. Nilijiona msafi. Nilioga, nikajipaka mafuta, nikakusuka nywele, na nikafikiri: nimemaliza.

Sasa nikueleze ile usiyoijua.

Mvua zilikuja zikaisha. Siku moja Masika akaja hapa. Alikuwa ameteremka Alimbongo juu ya lori la kabichi, ana udongo kwenye magoti, hakutaka kukaa kwenye kiti. Alikaa chini, mlangoni mwa jiko. Nilimpa chai, akaiacha ipoe.

Alisema walinzi wamekuja na kibao na rangi. Nilikuja kujua baadaye kwamba, baada ya kula ile nyama ya mbuzi kule Beni, wageni walirudi ukumbini, na mgeni mmoja alisema haifai msitu wa kusini uwe peke yake, ni vizuri kuongeza wa pili, hata usiokuwa na nukta, kwa tahadhari. Wakaongeza wa Alimbongo. Hakuna mtu ndani aliyejua shamba linaishia wapi na mianzi inaanzia wapi. Wakafuata kijito, kwa sababu kijito kinaonekana kwenye carte. Kijito kinapita chini ya shamba la Masika. Shamba lake lote, na la jirani zake, likaingia ndani. Viazi vilikuwa ardhini vimekomaa, na walinzi wakamwambia akivichimba ni mwizi.

"Madame," akasema, "ulikuwa mule ndani siku ya kuchora?"

"Nilikuwa."

"Na ukawaona banachora vile?"

"Nilikuwa nimeshatoka."

"Ulitoka juu ya nini?"

"Nilichukizwa, Masika. Ungeona vile walikuwa wanafanya, hata wewe..."

Akaniinulia mkono ninyamaze. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Ulichukizwa, ukaenda kwako," akasema. "Miye nikichukizwa, ninaenda wapi?"

Akanywa ile chai iliyopoa kwa mkupuo mmoja, akapangusa mdomo, akaenda kutafuta lori la kurudi. Hakuniomba kitu chochote.

Nimeishi na swali lile zaidi kuliko nilivyoishi na harufu ya zile ngozi. Nilikuwa nimefikiri kuchukizwa ni kazi, kwamba mtu akichukizwa kwa nguvu ya kutosha kuna kitu kinatengenezwa mahali fulani. Hakuna. Nilitoka na Kinande chote kilichokuwa ndani ya chumba kile, nikakipeleka nyumbani nikakilaza kitandani. Kadi kwenye mchuzi! Lo, jinsi nilivyoipenda ile kadi kwenye mchuzi. Leo nikiikumbuka, kinachonikirihi si mafuta ya yule bwana. Ni mimi nikitembea kwenye korido, kichwa juu, nikisikiliza makofi.

Nilirudi bureau. Nilibisha hodi. Bwana Anselme aliniinukia, akanivutia kiti, akaniuliza habari zako. Alifurahi kweli kuniona, na hapo ndipo palikuwa pagumu zaidi. Nilikaa kwenye kiti kile, wiki kwa wiki, nikanywa kahawa yake. Nilicheka na mizaha yake. Nilijifunza kusema "suala muhimu" na "kwa tahadhari". Jioni nilirudi hapa nikasugua ulimi kwa chumvi. Lakini siku moja alikubali, kwa kunichoka au kwa wema, sijui, tukapanda wote hadi Alimbongo, na Masika akatutangulia na panga lake, akikanyaga pale hasa mianzi inapoanza. Bwana Anselme alimfuata na mashine yake, viatu vimejaa tope. Mstari ulisogezwa. Masika alichimba viazi vyake. Mashamba ya jirani zake wengi pia yalitoka ndani ya mstari. Shamba la familia moja ya upande wa mbali halikutoka, kwa sababu siku ile mvua ilitufukuza kabla hatujafika kwao, na hatukurudi tena. Wale walihama. Jina lao ninalijua. Sipiti mtaa wanaokaa sasa bila kutazama chini.

Kuhusu kusini: kituo cha afya kilijengwa. Utafikiri nitakuambia hakikujengwa. Kilijengwa, kina mabati mazuri na mkunga, na nimesikia kwamba binti wa kwanza wa Kasereka alijifungulia pale, yeye na mtoto wazima. Msitu wenyewe ulizungushiwa walinzi, na vyombo vya kupiga picha vikafungwa kwenye miti miezi na miezi. Vilipiga nyani, vilipiga ngedere, vilipiga walinzi wakijisaidia. Paka hakupita hata mmoja. Na hili ndilo linalonitia kinyaa zaidi ya yote, Kavira: kwamba ilifaulu. Yule mtu alileta kitoto cha mnyama kwenye gunia, na kwa gunia lile binti yake anaishi. Nikimlaani, ninamlaani mjukuu wake. Nikimbariki, ninasikia nzi. Sijapata mahali pa kuliweka jambo hili, limekaa tu katikati ya nyumba, ninalizunguka.

Kisha vita ikashuka kusini, walinzi wakakimbia, na watu wa Kayna wamejaa huku mjini kwa jamaa zao. Vile vibao, nasikia askari wamevipikia. Paka wa Alimbongo sijui. Masika bado yuko, simu yake inapatikana siku nyingine, na nikimuuliza anasema tu baridi ni ileile.

Jambo la mwisho, ambalo baba yako aliniomba nisikuambie ili usiende na uzito. Bourse yako, ule ufadhili wa masomo. Ulifikiri ni alama zako za mtihani, na kweli alama zako ni nzuri. Lakini wenye alama nzuri ni wengi Butembo, na wanauza vocha za simu kwenye njiapanda. Bwana Anselme sasa ni mkubwa, ana bureau Beni, na yeye ndiye anayependekeza majina. Nilikwenda kwake. Nilivaa kile kitenge cha Pasaka, nikakaa mbele yake, nikaomba. Alisema, "Bila shaka, Madame. Tunahitaji watu wa damu yako." Alisimama akaninyooshea mkono, nami nikaushika.

Nilikuwa nimejitayarisha. Nilidhani harufu ile itaniinukia pale pale na nitatapika juu ya zulia lake. Hakikutokea kitu. Ulikuwa mkono wa kawaida, wa moto, wa mtu anayezeeka. Nikasema asante na nilimaanisha. Nilifika kwenye ngazi ndipo nilipoogopa, nikashika ukuta, nikavuta pumzi kwa pua mara nyingi, nikitafuta, na nilinusa saruji tu, na maua.

Huko unakokwenda watakufundisha kuchora mistari juu ya milima, na utakuwa na kipaji, nimeona daftari zako. Utakaa kwenye vyumba vya namna ile. Watu watakuwa wapole kwako. Wakati tumbo lako linapinda, kaa. Kunywa kahawa yao, uliza kijito kinapita wapi, taja majina ya wenye mashamba mpaka wakuchoke. Lakini itafika siku, Kavira, huenda ikawa siku nzuri, umepanda cheo, mtu atakutandazia kitu juu ya meza, na utavuta pumzi usisikie harufu yoyote. Siku hiyo usimalize kikao. Njoo nyumbani. Usipige simu kwanza, usingoje likizo. Njoo tu ukae mlangoni mwa jiko, na sitakuuliza ulitoka juu ya nini.

Mama